Maneno Arobaini na Moja ya Zefania Msengi

Mtu mmoja alikuwa na kazi moja, naye aliijua vizuri. Aliitwa Zefania Msengi, mwana wa Yohana Msengi, na alikaa Mkulo, maili kumi na moja kutoka mji wa Kiomboi, huko Iramba. Alichimba visima kwa mkono. Lakini kazi aliyoijua kuliko mtu mwingine yeyote wa nchi ile ilikuwa kumtoa mtu aliyefukiwa na kisima. Ardhi ya huko ina udongo mwekundu juu na mchanga chini. Ukuta wa kisima husimama miaka ishirini, kisha siku moja huporomoka bila kutoa ishara. Zefania alikuwa na mapipa ya chuma yaliyokatwa juu na chini. Aliyashusha moja baada ya lingine akichimba ndani yake, nayo yakauzuia mchanga usimrudie. Kwa njia hiyo, katika muda wa miaka thelathini na minne, alikuwa amewatoa watu tisa. Wanane walitoka hai, na majina yao wote aliyakumbuka.

Baadaye yalikuja magari ya kuchimba visima kwa mashine, na watu wakaacha kumwita. Binti yake, Debora, alifanya kazi katika steshenari moja pale Kiomboi, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwatengenezea watu tovuti. Akamwambia baba yake kwamba siku hizi mtu akipata haja haulizi jirani, huandika haja yake katika simu, na simu humwonyesha wa kumwendea. Basi akataka kujua mtu mwenye kumhitaji Zefania ataandika maneno gani, ili maneno hayo yawekwe katika ukurasa wake. Zefania akafikiri, akasema mtu huyo ataandika kwamba kisima kimemfukia mwenzake. Debora akangoja aendelee. Alipoona haendelei, akacheka kidogo.

“Baba, kisima kinamfukia mtu mara ngapi kwa mwaka? Utakaa na neno lako hilo moja kama mlinzi wa daraja lisilopitwa na mtu.”

Akamweleza kwamba kila neno ni mlango, na mwenye milango mingi hupata wageni wengi. Jumapili, baada ya ibada, wakaketi wakaandika. Waliandika kuchimba visima na kusafisha visima, kisha pampu, mabomba, matangi, mashimo ya vyoo, mchanga, kokoto, matofali, mabwawa ya samaki, na mengine ya namna hiyo, hata ilipofika jioni yakawa arobaini na moja. Hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Tangi aliwahi kujenga, mara moja tu, kwa shemeji yake Naftali Kingu, nalo linavuja mpaka leo. Kazi ya kuwatoa watu Debora aliiweka ya thelathini na nane, baada ya mabwawa ya samaki, na kwa kuwa alitaka ukurasa uwe na heshima ya kiofisi, aliiandika “huduma za uokoaji”. Zefania akauliza kama haingefaa ipandishwe juu. Debora akasema yote yanasomwa, baba asihangaike na mpangilio. Zefania akakubali. Alikubali kwa sababu aliogopa. Simu yake ilikuwa haijalia tangu mwezi uliotangulia, naye alikuwa ameanza kujiona kama mtu aliyekwisha kuzikwa.

Simu ikaanza kulia. Alipiga mtu wa Singida akitaka tangi la lita elfu tano. Alipiga mwingine akiuliza vifaranga vya perege, na Zefania alipomweleza kwamba yeye hana samaki, yule mtu akamwuliza, basi Mzee, hilo bwawa umeliandika la kuogelea wewe? Mke wa Zefania, Tabita, alicheka siku nzima kwa neno hilo. Zefania hakucheka sana, lakini moyoni alifurahi kwamba anaulizwa. Akawa anatoka asubuhi kwenda kuwatazamia watu mchanga, na kurudi alasiri bila kuchimba chochote. Mapipa yake yalikaa nyuma ya nyumba, na kuku wakatagia ndani yake. Hivyo ilipita miezi minne.

Upande wa pili wa korongo, maili mbili na nusu kwa miguu, walikuwa wamehamia mtu na mkewe kutoka Manyoni. Mume aliitwa Ezra Kiula na mke Damari. Walikuwa hawajatimiza mwezi wa tatu pale, na watu waliowajua walikuwa wachache. Shamba walilonunua lilikuwa na kisima cha zamani cha futi thelathini na nane. Siku ya mnada, wakati kijiji kizima kimekwenda kuuza na kununua mifugo, Ezra alishuka kisimani kuondoa tope. Saa tatu asubuhi ukuta ukaporomoka. Magogo ya zamani yaliyokuwa yameshikilia kuta yakaanguka yakakingamana juu yake, na mchanga ukatua juu ya magogo. Chini yake ikabaki nafasi ndogo. Damari alipolala kifudifudi ukingoni alisikia mgongo wa ndoo ukigongwa kutoka chini, mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu.

Alikimbilia nyumba mbili za karibu, akakuta watoto na vipofu wa uzee. Akarudi. Alikuwa na simu. Akaandika haja yake kama ilivyokuwa, na simu ikamletea makampuni ya pampu na habari za visima vya nchi za mbali. Akabadilisha maneno, akaandika tena. Akapigia kampuni moja. Aliyepokea alimsikiliza kwa upole, akamwambia gari lipo Tabora na litaweza kufika siku ya Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Akaandika mara ya tatu. Katikati ya kuandika alikuwa akiiweka simu chini, akigonga jiwe juu ya jiwe mara tatu ili mumewe ajue kwamba hajaondoka, na kutoka chini akajibiwa.

Saa sita ilipokaribia, bibi mmoja, Marieta Shani, alipita akirudi mapema kutoka mnadani na mbuzi wake asiyenunuliwa. Alipoona hali ile hakuuliza maswali mengi. Alimwambia avuke korongo, aulize kwa Msengi. Damari akakimbia. Alimkuta Zefania mlangoni, simu sikioni, akimweleza mtu tofauti ya mchanga wa mtoni na mchanga wa shimoni.

Zefania alikata simu kabla Damari hajamaliza. Yeye na Tabita na wanaume wawili waliokuwa wamerudi kutoka mnadani wakapakia mapipa kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Hawakungoja kuyasafisha, mayai yalivunjikia humo humo. Walifika kisimani saa saba na dakika ishirini. Zefania akawaamuru wote wanyamaze. Akachomeka bomba jembamba katika mchanga ili hewa ipite, akaweka sikio juu yake, akasikia ndoo ikigongwa. Ilikuwa inagongwa mara mbili sasa. Akashuka.

Alichimba ndani ya mapipa, futi kwa futi, kama alivyofanya mara tisa. Juu, Tabita alivuta ndoo za mchanga, na Damari aligonga mawe yake. Saa tisa ndoo iligongwa mara moja. Baada ya hapo haikugongwa tena. Zilikuwa zimebaki futi nne. Damari aliendelea kugonga, na hakuna aliyemzuia.

Walimtoa Ezra Kiula saa kumi kasoro robo. Hakuwa amevunjika mfupa wowote. Alikuwa amekosa hewa, na mwili wake ulikuwa bado una joto. Watu waliokuwa pale walijua kuhesabu. Kila mmoja alihesabu kutoka saa tatu hadi saa saba, akahesabu na zile futi nne, lakini hakuna aliyetoa hesabu yake kwa sauti.

Zefania alizika pamoja nao, akakaa matanga yote. Kisha alirudi nyumbani, na kwa siku sita hakupokea simu. Siku ya saba Debora alikuja kutoka Kiomboi. Alikuwa amelia njiani. Akafungua ukurasa mbele ya baba yake, akasema watapunguza, ila hajui wapunguze hadi mangapi. Wapo wataalamu wa tovuti, akasema, wanaotaka maneno kumi, na wengine matano. Akataja hoja za hawa na za wale. Zefania alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua fimbo yake, akamwambia wavuke korongo.

Damari aliwakaribisha, akawapa viti. Zefania alimwomba radhi kwa jambo atakalouliza, akauliza siku ile aliandika nini katika simu. Debora alitazama chini. Damari hakukasirika. Aliifungua simu, na maneno yalikuwa bado yamo, kwa kuwa hakuyafuta. Mara ya kwanza alikuwa ameandika “mume wangu amefukiwa na kisima”. Mara ya pili, “mtu yuko hai chini ya mchanga nifanye nini”. Mara ya tatu, “fundi wa kutoa mtu kisimani Iramba”. Kisha akasema jambo ambalo Zefania hakuwa ameliuliza.

“Ile mara ya tatu ukurasa wako uliletwa, Mzee. Niliuona. Nikadhani ni duka.”

Walipoondoka, Debora aliuliza njiani, kwa sauti ndogo, waandike yapi. Baba yake akamwambia aandike yale matatu, kama Damari alivyoyaandika, bila kuyapamba. Debora akasema hao wa matangi hawatapiga tena, na wa mchanga pia, na huenda ikapita miezi mingi pasipo mtu kumwuliza chochote. Zefania akasema anajua. Alitembea mbele yake hadi nyumbani, akaanza kuyasugua mapipa.

Simu ilikaa kimya miezi sita. Mwezi wa saba ililia saa mbili asubuhi, na mtu aliyepiga hakuuliza bei ya kitu.

Ninyi mnaofundisha, na ninyi mnaotaka watu wajue mlipo, mmeandika maneno mangapi juu ya mlango wenu? Na katika hayo, ni lipi mlilolipata kwa kumwuliza mtu aliyewahi kuwatafuta asiwapate?