Somo wa Kichanga cha Sikudhani

Hapo zamani, na zamani yenyewe bado haijazeeka, palikuwa na mama mmoja wa Kondoa aitwaye Sikudhani. Bintiye Zulfa, wa miaka sita, alizaliwa kiziwi, na nyumbani hapakuwa na ajuaye lugha ya alama. Mtoto akilia, mama alikisia: njaa? Tumbo? Akikosea, walilia wote wawili.

Kwanza akaja mhandisi Tausi na glavu ya mkono wa kulia, yenye nyaya laini mgongoni mwa vidole. Mtoto akiifanya alama kwa usahihi, glavu hutetema. Kisha akaja mwalimu Hidaya, kiziwi naye, ambaye ndiye aliyeivaa glavu hiyo mwanzoni na kuirudia kila alama mpaka ikazijua. Kila jioni aliwafundisha Zulfa na mamaye.

Lakini Zulfa alipoivaa, glavu haikutetema. Tausi akadhani waya umekatika. Hidaya akadhani mtoto ni mzito wa kuelewa. Kumbe Zulfa alikuwa mtu wa mkono wa shoto. Tangu alipoanza kula mwenyewe, shangazi yake, Mwamvua, alikuwa akimfunga mkono huo kwa kitambaa wakati wa kula, ajifunze adabu, hata mtoto akazoea kuuficha.

Siku moja Mwamvua akamkuta nyuma ya mlango, peke yake, akiiga alama za mwalimu kwa mkono wa kushoto, vidole sawasawa. Mwamvua akaipindua glavu ndani nje, ikawa ya kushoto, akamvisha. Ikatetema. Zulfa akacheka.

Baadaye Sikudhani akajifungua binti. Akiwa uani anapepeta mtama, Zulfa akamvuta kanga, na mikono yake ikasema: "Mama, mtoto analia."

Sikudhani akaketi palepale, ungo mapajani, akamshukuru Mungu. Akaweka nadhiri: kichanga kitapewa jina la aliyemletea maneno yale, awe somo wake.

Siku ya kutoa jina wakaja wote watatu.

Tausi akasema, "Bila glavu, mkono ungejuaje kwamba umepatia?"

Hidaya akamsoma midomo, akajibu kwa alama, Sikudhani akitafsiri, "Glavu haina lugha. Lugha ni yangu, nami niliitoa yote."

"Wifi," akasema Mwamvua, "vyote hivyo vilikuwapo, na mtoto bado kimya. Mkono niliufungua mimi."

"Na aliyeufunga?" Sikudhani akamtania.

"Mimi vilevile. Ndiyo maana nilijua fundo lilipo."

Wakacheka. Sikudhani akawatazama mmoja baada ya mwingine, moyo umemjaa shukrani. Lakini kichanga ni kimoja, na jina ni moja.

Nanyi mliosikiliza, kipakateni kichanga hiki: je, aitwe Tausi, Hidaya au Mwamvua?