Mzee Aliyeshukuru kwa Kukohoa

Wapendwa, leo hapa mbele hakuna hata pa kukanyaga. Naona viazi, mahindi, maboga, kabichi kubwa kuliko kichwa cha mhubiri wenu, na jogoo mmoja ambaye tangu ibada ianze anaitikia kabla ya kwaya. Mungu awabariki sana. Mwaka huu mvua ilikuja kwa wakati wake, ikajua na wakati wa kuondoka, na mimi moyo wangu umejaa shukrani. Kwa hiyo sitawachosha. Nitawapa mfano mmoja tu, halafu tuimbe, halafu twende tukale.

Huko juu milimani, kule ambako mwezi wa saba ukiacha maji nje unayakuta asubuhi yameganda barafu juu, aliishi mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Aliishi na mwanawe wa kiume na mke wa huyo mwanawe. Sasa watu wa kule wana mila yao. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso, hawasemeshani, wala mwanamke hakanyagi kizingiti cha chumba cha mkwewe. Msicheke, hiyo ni heshima, na heshima ni kitu kizuri. Tena nawaona mnavyotazamana. Wapo humu ndani ambao wangepumzika sana kama mila hiyo ingehamia huku kwetu.

Yule kijana alimpenda baba yake. Akamjengea jiko la kuni la matofali, akaliegemeza kwenye ukuta wa chumba cha mzee. Upande wa huku ni jikoni, mke wake anachochea na kupika. Upande wa kule ni chumbani, ukuta unapata moto, mzee anaegemeza mgongo na kuota. Moshi unapanda kwenye bomba na kutokea juu ya bati. Na pale juu ya dirisha la mzee akaacha tundu, ili hewa iingie na kutoka.

Chakula kilikwendaje? Mke wa kijana anaweka sahani juu ya kigoda nje ya mlango, anagonga kifuniko cha sufuria, anaondoka. Mzee anatoka, anachukua, anakula, anarudisha sahani pale pale, halafu anakohoa. Kukohoa kule maana yake: nimeshiba, njoo uondoe vyombo. Basi. Tangu aolewe, yule mwanamke hakuwahi kupata neno lingine kutoka kwa mkwewe zaidi ya kukohoa.

Lakini kwa Mungu! Kwa Mungu mzee alikuwa na maneno mengi na matamu. Kila jioni anaegemea ukuta wake, anafumba macho, anasema, "Baba, asante kwa joto hili. Wazee wenzangu wanatetemeka, mimi nimeota. Asante kwa moto wako usiozimika."

Usiozimika! Niambieni, akina mama, ninyi mnaokaa jikoni: mmewahi kuona moto usiozimika wenyewe? Moto wa nyumbani ukiona hauzimiki, ujue kuna mtu hakai chini.

Na mtu huyo alikuwapo, upande wa pili wa ukuta. Alikata kuni mapema, akazipanga chini ya upenu mpaka zikakauka, kwa sababu kuni mbichi zinatoa moshi mzito na kuacha masizi yanayonata kwenye bomba. Moto ukisuasua, hakuumwagia mafuta ya taa, alipuliza, akangoja. Majivu aliyatoa kwa debe la bati, akaliweka nje mbali na kuni, maana majivu unaweza kudhani yamekufa kumbe tumboni yana kaa la moto. Na kila Jumamosi, jiko likishapoa, aliegemeza ngazi, akapanda juu ya bati na mti mrefu aliofungia waya wa kusugulia, akakwaruza bomba. Kwaru, kwaru, kwaru. Masizi yakaanguka, akayazoa, akawasha tena.

Mzee kelele zile zikamchosha. Akamwita mwanawe. "Hivi mke wako anatafuta nini juu ya kichwa changu?"

"Anatoa masizi, baba."

"Masizi gani? Jiko linawaka, moshi unatoka, sasa anataka nini tena? Kila Jumamosi nikitaka kujinyoosha kidogo, kwaru kwaru, kama nalala ghalani na panya. Mwambie aache."

Kijana akaenda kumwambia mkewe. Mke akasema, "Bomba likiziba, moshi utarudi ndani."

"Najua, mke wangu. Lakini ndiyo baba kasema."

Mwanamke akashusha ngazi. Angefanya nini? Hawezi kwenda kwa mkwewe kumweleza. Mila imemfunga mdomo, na mumewe mpole kupita kiasi, yule mpole anayewaumiza watu wawili ili asimuudhi mmoja. Basi bomba likakaa bila kusuguliwa. Baridi ilipozidi, mzee akaona upepo unamjia kutoka kwenye lile tundu la juu ya dirisha. Akavua sweta lake kuukuu, akalisokomeza pale. Na jioni ile akashukuru kuliko siku zote. Joto tele, upepo hakuna, kelele hakuna. Alimshukuru Mungu kwa mambo yaliyokuwa yanamchimbia kaburi.

Ikafika asubuhi moja ya ukungu na manyunyu. Kijana ameshuka sokoni na viazi. Mkwe akawasha jiko, akapika uji, akauweka kwenye kigoda, akagonga kifuniko, akarudi jikoni. Moto ukawa mzito, unalegea. Moshi ukaanza kutokea mdomoni mwa jiko badala ya kupanda. Kichwa kikaanza kumgonga. Akafungua mlango wa jikoni wazi kabisa, akavuta kuni zote, akazitoa nje. Hapo akakumbuka ukuta. Ule ukuta, kwa kupashwa moto kila siku, ulikuwa umepata ufa, na ufa uko nyuma ya kitanda cha mzee.

Sikilizeni vizuri hapa, maana hili si la kwenye mfano tu. Moshi unauona, unakuwasha macho, unakimbia. Ila jiko likikosa pumzi linatoa na hewa nyingine ya sumu, haina rangi wala harufu. Hiyo haikukimbizi. Inakulegeza, kichwa kinakuwa kizito, unasema ngoja nijilaze kidogo. Wengi wamejilaza hivyo na hawakuamka.

Mwanamke akaenda mlangoni kwa mzee. Uji uko pale pale juu ya kigoda, umeganda utando juu. Akagonga kifuniko, kimya. Akagonga tena, akatega sikio asikie mzee akikohoa. Kukohoa kule kulikokuwa kunamuudhi miaka yote, leo alikutamani kuliko wimbo wowote. Hakusikia kitu.

Jirani wa karibu yuko ng'ambo ya bonde. Mume yuko sokoni. Mbele yake kuna kizingiti ambacho hajawahi kukivuka. Akikivuka, ukoo mzima utasimama dhidi yake. Asipokivuka, mzee atakufa na hakuna mtu atakayemlaumu, watamwambia pole, ulishika heshima. Wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka.

Akaita, "Baba!" Lilikuwa neno lake la kwanza kwake. Hakujibiwa. Basi akajifunika kanga mpaka usoni, abaki anaona chini tu, akaingia. Akamshika mkwewe kwapani, akamburuta kutoka kitandani, akavuka naye kizingiti, akamtoa mpaka uani kwenye manyunyu, akapiga yowe. Majirani wakaja mbio, wengine na majembe mkononi.

Wakampepea, wakamfungua vifungo, na baridi ikampiga usoni. Baada ya muda mzee akafanya nini? Akakohoa. Na mkwe wake, aliposikia, alitokwa na machozi, akakimbia kujificha nyuma ya rundo la kuni ili mzee asimwone. Ametoka kumwokoa, na bado anamstahi!

Mzee akafumbua macho. "Nani kanileta hapa?"

Mama mmoja jirani akasema, "Mkweo, mzee wetu. Mungu ampe maisha marefu."

"Mkwe wangu aliingia chumbani kwangu? Akanishika kwa mikono yake?"

"Mzee, ulikuwa unakufa!"

"Kufa ni kwangu mwenyewe. Aibu hii ni ya ukoo mzima. Waiteni ndugu zangu."

Kwa mila yao, aliyevunja heshima ile huja mbele ya wazee wa ukoo na kuku mweupe. Wakimpokea kuku, amesamehewa. Wakimkataa, mwanamke anafunga mizigo anarudishwa kwao. Basi yule mwanamke akaenda kumkamata kuku wake mweupe, yule aliyekuwa anataga vizuri, akamfunga miguu, akaketi akilia. Ndivyo alivyolipwa kwa kuokoa mtu.

Lakini yule mume mpole, siku hiyo, nashukuru kusema, upole ulimtoka. Alipanda juu ya bati, akang'oa lile bomba, akalikung'utia kwenye ungo. Akalichomoa sweta la mzee kutoka tunduni. Akaingia kwa baba yake na ungo mkono mmoja na sweta mkono wa pili, akaviweka miguuni pake.

"Nini hiki?" mzee akauliza.

"Haya ni masizi, baba. Yalijaa kwenye bomba mpaka mkono haupiti. Na hili ni sweta lako."

Mzee akaingiza vidole kwenye ungo. Akavitazama jinsi vilivyokuwa vyeusi. "Mbona zamani hayakuwa yanajaa?"

"Kulikuwa na mtu anayatoa. Kila Jumamosi. Wewe ukasema anakuharibia usingizi."

Mzee aliketi akiangalia ule ungo mpaka mwanawe akaondoka, na jioni ile hakusikika akiomba. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alipotambua kwamba kila jioni alimshukuru Mungu akiwa amefumba macho, na ukutani kwa nyuma kuna mikono hajawahi kuiona.

Wazee wa ukoo wakakusanyika. Mwanamke akaja amejifunika, akapiga magoti mbali, kuku wake mweupe kifuani. Mkubwa wa ukoo akasema, "Mwiteni mzee atoke, aseme kama anampokea kuku au anamkataa."

Mlango ukafunguliwa, mzee akatoka. Na chini ya kwapa lake, wapendwa, alikuwa na kuku mweupe.

Watu wakashangaa. Mkubwa wa ukoo akamwambia, "Ndugu yangu, umechanganyikiwa na ule moshi? Kuku analetwa na mwenye kosa."

"Ndiyo," mzee akasema. "Nimemleta."

Akatembea mpaka pale mwanamke alipopiga magoti. Hakukohoa. Akafungua kinywa mbele ya ukoo mzima, akasema, "Binti yangu, asante. Asante kwa juzi, na asante kwa Jumamosi zote. Pokea kuku huyu, na yule wako mfungue miguu arudi kutaga. Na Jumamosi hii panda ukwaruze. Mimi nitakuwa chini nakushikia ngazi."

Haya, tuache milima ya watu, turudi kwetu sisi.

Sisi ni watu wa kushukuru, nani atabisha? Tazameni kabichi hizi! Tena Mungu anazipokea kwa furaha, na mimi namshukuru pamoja nanyi. Lakini nani aliamka kabla yako leo akawasha jiko ili uje hapa umeshiba uji? Nani alitoa majivu? Nani anakuachia dirisha wazi, na wewe unamgombeza kwamba anakuletea baridi? Yupo mtu nyumbani kwako ambaye kelele zake zinakukera kila Jumamosi. Anakuuliza umekunywa dawa? Anakwambia punguza pombe, endesha pikipiki taratibu, usimpige mtoto. Kwaru, kwaru, kwaru. Na sisi tunamwambia anyamaze, tunaziba tundu kwa sweta, halafu tunapiga magoti kumshukuru Mungu kwa utulivu.

Mungu angeweza kumwamsha yule mzee kwa malaika. Hakutuma malaika. Alimtuma mwanamke mwenye harufu ya moshi, aliyekuwa anatetemeka kwa hofu ya mila. Wema wa Mungu mara nyingi unatufikia hivyo, na masizi mikononi, na bila kubisha hodi. Ukiukataa kwa sababu umeingia vibaya, utakuwa umekataa nini?

Basi mkifika nyumbani, naomba kwanza mkaangalie hilo bomba lenu, na tundu mlilosokomeza matambara mkalizibue leo hii hii. Mimi sitaki kuzika mtu aliyekufa kwa kuota moto. Hilo ni la kwanza.

La pili ni dogo, ila kwa baadhi yetu litakuwa gumu kuliko kupanda bati. Mchana huu utaletewa chakula. Utakula, utashiba, utasukuma sahani. Ndugu yangu, leo usikohoe. Geuka umtazame aliyekipika, umwite kwa jina lake, umwambie asante.