Utungo wa Mize Binti Kheri

Hapo zamani, katika mji wa Mwangawe, palikuwa na Sultani aitwaye Harithi, aliyependa muziki kuliko alivyopenda kutawala. Kupenda muziki si kosa. Kosa lake lilikuwa kupenda zaidi mabishano juu ya muziki, na watu wake wakubwa wakamfuata, maana aliyebisha vizuri alialikwa chakula.

Basi baraza likagawanyika pande mbili. Waziri Lukumani na wenzake walisema kuwa utungo mkuu kuliko yote duniani ni Harusi ya Mjane, ambamo fidla moja hutangulia na ala nyingine zote huifuata kama wajakazi. Kadhi Mwinyihaji na wenzake walisema la, mkuu ni Milango Saba, ambamo fidla, udi, kanuni, nai na ngoma hupigwa pamoja, mlango baada ya mlango, mpaka msikilizaji asahau alikuja kufanya nini. Kila siku walikula, wakanawa, wakatia tambuu mashavuni, ndipo wakabishana mpaka jua likatua. Mahakama ilifungwa kwa kuwa Kadhi alikuwa kwenye fidla. Mfereji wa maji ulipasuka, na Waziri akasema ataushughulikia mjane akishaolewa.

Na mpiga fidla wa mji huo alikuwa mmoja tu, Shaame. Sultani akamweka ndani ya jumba, ili pakitokea ubishi apige kipande kinachobishaniwa. Akaamuru, "Hatoki huyu mpaka tujue utungo upi ni mkuu." Ikawa miezi inapita, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kujua, isipokuwa mkewe Shaame.

Mke huyo aliitwa Mize binti Kheri. Alikuwa na watoto watatu, paa linalovuja upande wa kitanda, na jiko moja alilopikia maandazi ya kuuza. Watu walimwita Mize Punguani kwa sababu aliagizwa neno akalifanya lile lile, bila kuongeza wala kupunguza. Jirani yake alipata kumwambia, "Mwenzangu, niangalizie chungu changu, narudi sasa hivi." Aliporudi alikuta mchuzi wote umemwagikia motoni. Mize akasema, "Nimekiangalia. Kimechemka, kikafurika, kikamwagika. Sikuondoa macho."

Siku moja mtoto wake mdogo alimwita mwuza mkaa "baba". Mize akafunga kanga yake, akamwachia jirani wanawe, akaenda moja kwa moja barazani.

"Shikamoo, bwana wangu," alisema. "Nimekuja kumchukua mume wangu."

Sultani akatabasamu. "Ewe mwanamke, mumeo anatumikia elimu. Hapa tunatafuta utungo ulio mkuu."

"Mmeutafuta wapi mpaka leo msiuone?"

Watu wakacheka. Kadhi akasema, "Mama, mambo haya yana kina. Wewe rudi kwenye maandazi yako."

"Maandazi yangu, Shehe, yakikaa motoni muda mrefu kama shauri hili huwa makaa."

Sultani aliona atapata mchezo mpya, akasema, "Basi nakupa sharti. Nipatie utungo ambao vinywa vyote vya baraza hili, changu kikiwamo, vitakiri kuwa hakuna mkuu kuliko huo. Ukiweza, mumeo ni wako. Kikikataa kinywa kimoja tu, Shaame atakaa hapa maisha yake yote, na wewe utaingia jikoni kuosha masufuria mpaka ufe."

Baraza zima likacheka, kwa kuwa Waziri na Kadhi hawakuwa wamekubaliana hata juu ya siku ya mwezi mwandamo. Mize hakucheka. Alifikiria wanawe watatu na yale masufuria, akauliza, "Vinywa vyote, bwana wangu?"

"Vinywa vyote."

"Nakubali. Nami naomba jiko la jumba kwa asubuhi moja, baraza likutane kabla ya mtu kunywa chai, na ile adabu ya babu yako ishikwe kama kawaida."

Adabu hiyo ilijulikana na kila mtu. Katika jumba lile, upinde ukiwa juu ya nyuzi za fidla, hakuna mtu anayegusa chakula wala kuinuka alipoketi. Haikupata kumsumbua yeyote, kwa kuwa muziki ulikuja baada ya kula. Sultani akasema, "Umepewa."

Ikawa siku iliyofuata Mize aliingia jikoni alfajiri. Akapika biriani ya mbuzi, akakaanga vitunguu mpaka harufu ikafika msikitini, akapika kuku wa kupaka kwa tui zito. Waheshimiwa walipoketi, matumbo matupu, akaamuru masinia yawekwe mbele yao na kawa zifunuliwe. Kisha akamwashiria mumewe na wapigaji wa ala nyingine. Shaame alikuwa amekonda, na vidole vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa.

"Tuanze na wa Kadhi," alisema Mize.

Wakapiga Milango Saba. Mlango wa kwanza Kadhi alifumba macho kwa raha. Mlango wa pili alifumbua moja, akalielekeza kwenye sinia. Kufika wa tatu mvuke wa biriani ulikuwa unampiga puani, na tumbo lake likatoa sauti ambayo mpiga ngoma aliisikiliza kwa heshima. Mlango wa tano akamnong'oneza jirani yake, "Hivi imebaki mingapi?"

Ulipokwisha wa saba, kabla upinde haujashuka, Mize akainama. "Shehe, utungo mkuu kama huu haufai kusikilizwa mara moja. Aurudie?"

"La!" Kadhi alipaza sauti. Kisha akajikusanya. "Yaani... umekaa vyema. Tusiuchoshe."

Upande wa Waziri wakacheka sana. Mize akawageukia. "Basi na tusikie wa kwenu."

Shaame akaanza Harusi ya Mjane. Mjane akalia kwa fidla, ala zikamfariji, akalia tena. Mafuta ya kuku yakaanza kuganda kandokando. Mjane akanyamaza, mikono ikanyooka kuelekea kwenye masinia, kumbe alikuwa anavuta pumzi tu, akalia upya. Waziri Lukumani, aliyekuwa akitokwa na machozi kila alipousikia utungo huo, akasema akiuma meno, "Lakini mwanamke huyu ataolewa lini?"

"Bwana Waziri," Mize aliuliza ulipokwisha, upinde ukiwa bado juu ya nyuzi, "arudie?"

"Mungu apishe mbali!"

Sultani mwenyewe alikuwa ameloa jasho. Akasema, "Mize, ulete huo wako, na uulete upesi."

"Huu, bwana wangu, nimeutunga mwenyewe jikoni."

Shaame akauvuta upinde juu ya uzi mmoja, mara moja tu, akauweka chini.

Kisha Sultani akapiga kelele, mkono wake ukiwa tayari umeshika paja la kuku, "Wallahi, hakuna utungo mkuu kama huu!"

"Hakuna!" akasema Waziri, akizama kwenye biriani.

"Haujapata kutungwa mfano wake!" akasema Kadhi, na wali ukamtoka kinywani.

Ikawa baraza zima linasema hakuna kama huu, hakuna kama huu, mpaka maneno yakafunikwa na kutafuna.

Mize akasimama kando, akatazama kila kinywa. Alipoona hakuna kilichobaki, akaenda akamshika mumewe mkono.

Hapo ndipo Sultani alipoacha kutafuna. "Ngoja wewe. Umetuchezea. Huo haukuwa utungo, ulikuwa mkwaruzo!"

"Bwana wangu, uliniagiza vinywa, nami vinywa navijua, nimelisha vitatu vyangu peke yangu tangu ulipomchukua baba yao. Masikio hukuniagiza."

Sultani akamtazama, akalitazama paja la kuku, kisha akatazama vile vitambaa vya Shaame kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Akacheka mpaka wali ukampanda puani na ikabidi apigwe mgongoni. Alipopata pumzi akamwachia Shaame, akamwahidi Mize mafundi wa kuziba paa, akampa biriani yote iliyobaki jikoni. Na tangu siku ile akaamuru kuwa mabishano yote ya baraza yafanyike kabla ya kula, masinia yakiwa wazi. Mfereji ukatengenezwa wiki hiyo hiyo, na Kadhi akarudi mahakamani, ambako angalau kulikuwa na mapumziko ya chakula.

Shaame na mkewe wakashika njia ya nyumbani, Mize akiwa na sufuria ya biriani kichwani. Walipokaribia mlango, Shaame akasema, "Mke wangu, ule utungo wako si mbaya. Ila naona mwisho wake ungekuwa laini kidogo, kama katika Harusi ya..."

"Beba sufuria," alisema Mize.

Akaibeba. Watoto wakala wakashiba, na sisi tulioachiwa kisa hiki tukaambulia harufu tu.