Alfajiri Kwenye Yadi ya Kastori

“Gari kama mchumba, likute halijanawa.” Mmeisikia kwenye kikao cha harusi, mkaangua kicheko, na mmoja wenu akadai ni maneno ya walevi. Walevi wana maneno yao, haya si yao. Menyeni viazi hivyo vingali vya moto, niwaeleze methali hii ilikotoka. Ilizaliwa hapahapa Njombe, na walioishuhudia bado wanapumua.

Palikuwa na kijana mkulima wa viazi, jina lake Lwitiko. Kila msimu viazi vyake viliozea shambani akisubiri magari ya watu, na wenye magari walikuja pale walipojisikia. Mwisho akachoka. Akauza miti yote ya mbao aliyoachiwa na marehemu baba yake ili anunue pikapu yake mwenyewe. Miti ile ilipandwa yeye akiwa hajazaliwa. Fedha zile zikipotea, hana kingine cha kuuza, atabaki na jembe na hasira. Alilijua hilo vizuri.

Mjini kulikuwa na dalali wa magari, Kastori, mtu mwenye maneno matamu kuliko asali ya msituni. Lwitiko alifika kwenye yadi yake saa sita mchana. Akakuta pikapu nyeupe inang’aa, matairi yamepakwa mafuta, injini inanguruma taratibu. Akaipenda palepale. Nani asingeipenda?

“Kaka, amua sasa,” Kastori akamwambia. “Kuna mtu wa Makambako yuko njiani na hela mkononi.”

Kisha akamtajia ada. Kulikuwa na ada ya kuliangalia gari, ada ya faili, ada ya kulilinda usiku, na ada ya kumzuia huyo mtu wa Makambako. Lwitiko alikuwa ameshatia mkono mfukoni alipokumbuka kwamba kwao kitu kikubwa hakinunuliwi shangazi hajasema neno. Akaomba hadi kesho. Kastori akanuna, lakini akakubali.

Shangazi yake, Eliseta, hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Kazi aliyosifika nayo ilikuwa kuchunguza wachumba. Katika ukoo ule, binti haolewi mpaka shangazi aende kwao mchumba alfajiri, bila taarifa, aione nyumba haijafagiliwa na bwana hajanawa uso. Alikuwa amevunja posa nyingi kwa njia hiyo, na vijana waliokataliwa walimwogopa hadi sokoni.

“Uliliona saa ngapi?” akamuuliza Lwitiko.

“Saa sita mchana, Shangazi.”

“Ulilikuta linanguruma?”

“Tena vizuri mno.”

“Basi hujaliona. Umeona mchumba aliyevaa koti la kuazima. Kesho tutalikuta halijanawa.”

“Shangazi, gari si mchumba,” Lwitiko akasema, aibu imemshika.

“Kweli si mchumba. Mchumba mbaya utamrudisha kwao. Hilo utalirudisha kwa nani?”

Lwitiko akakubali waende.

Kulipopambazuka walikuwa getini. Baridi ilikuwa ya Juni, umande umeganda kwenye majani. Mlinzi akawafungulia bila maswali, maana wageni wa saa ile hakuwahi kuwaona, wala hakuwahi kukatazwa kuwafungulia. Ndani wakamkuta Kastori amejifunga blanketi, birika la maji ya moto mkononi, boneti ya pikapu nyeupe iko wazi naye anaimwagia injini maji. Wanaume wawili walikuwa nyuma, tayari kusukuma.

“Kamwene, baba,” Shangazi akamsalimu kwa upole. “Unamwogesha nani?”

Birika likamponyoka.

“Mama, ni baridi tu. Magari yote ya Njombe yanasumbuliwa na baridi.”

“Sawa. Tuliache lipoe, tulisikie linavyoamka lenyewe.”

Akaketi juu ya tairi kuukuu, akajitanda khanga vizuri kama mtu asiye na haraka. Lilipopoa, Lwitiko akazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likanyamaza. Akajaribu tena na tena. Mwishowe likawaka, likatoa moshi wa bluu uliofunika yadi nzima, na chini yake oili ikaanza kudondoka. Lwitiko akaiona miti ya baba yake ikidondoka pale, tone kwa tone, akashikwa na hasira na shukrani kwa pamoja.

“Na zile ada,” Shangazi akaendelea, “risiti zake anatoa nani?”

“Mama, huo ni utaratibu wa yadi.”

“Utaratibu usio na risiti unaitwa njaa.”

Wale wasukumaji wakacheka mpaka wakaegemea gari.

Pembeni kulikuwa na pikapu ya kijani, imejaa vumbi, haijaguswa na kitambaa. Lwitiko akauliza habari zake. Kastori akasema kwa unyonge kwamba ni ya mwalimu mstaafu, mzee mkaidi anayetaka mnunuzi azungumze naye mwenyewe, asiongezewe bei hata kwa senti. Ndiyo maana hakuna aliyejisumbua kuiosha. Lwitiko akazungusha ufunguo mara moja tu. Ikawaka!

Hata hivyo hawakukurupuka. Walimwita fundi wao, akalala chini yake na kuipitia yote. Wakamwita mwalimu, wakalinganisha namba zilizogongwa kwenye chuma na za kwenye kadi ya gari, jina likawa lake kweli. Fedha zilipotoka, zilitoka kwa bei waliyoafikiana, risiti mkononi, na kadi ikabadilishwa jina siku ileile. Ada za Kastori hazikulipwa hata moja.

Lwitiko alipanda mlima akipiga honi bila sababu, Shangazi kando yake amenyoosha shingo kama bibi harusi. Kijiji kizima kikatoka. Vigelegele! Msimu ule viazi vyake vilifika sokoni vyote, na vya majirani pia.

Habari zikaenea, wanunuzi wakaanza kumwamsha Kastori alfajiri. Ikabidi atengeneze magari badala ya kuyaogesha.

Na kila anayemwonya mwenzake asinunue kitu kwa mng’aro wa mchana husema: Gari kama mchumba, likute halijanawa.