Meza Iliyogoma Kutoka

Wapendwa, naona leo miili iko kanisani lakini pua ziko jikoni. Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi ndivyo ilivyo, wala siwalaumu, maana hata mimi nimeacha jogoo nyumbani anayenitazama kwa mashaka. Basi sitawachosha. Nitawapa mfano mmoja, kisha mtakwenda zenu.

Katika mji mmoja wa milimani, huko ambako mvua ya Desemba haiombi ruhusa, palikuwa na chama cha maseremala. Walikuwa watu wa furaha. Siku za kawaida kila mmoja alikuwa na vitanda vyake na makabati yake, lakini Krismasi ikikaribia walikusanyika jioni katika karakana ya mwenyekiti wao, wakatengeneza kitu kimoja cha kuwapa majirani. Mwaka mmoja ilikuwa bembea za watoto. Mwaka mwingine mabenchi ya zahanati. Kazi ilikwenda na nyimbo, na kwa kuwa kila mmoja alitaka kuimba besi, majirani walikuwa wakifunga madirisha.

Mwaka ninaowaambia waliamua kutengeneza meza. Meza moja ndefu, ili siku ya Krismasi wajane, watoto, na wazee wasio na mtu nyumbani wakae pamoja kwenye uwanja wa kanisa, wale, washibe. Mchungaji alishatangaza. Mchele ulishapatikana, mbuzi walishafungwa kamba. Iliyosubiriwa ni meza tu.

Sasa ile karakana mnapaswa kuijua. Zamani ilikuwa ukumbi mmoja mpana, wenye mlango mkubwa unaotazama barabara, na lori liliingia humo kinyumenyume bila kugusa kitu. Ilikuwa mali ya watu wawili: huyo mwenyekiti, na shemeji yake, kaka wa mkewe. Wakagombana. Waligombania nini? Jiriwa, kile chuma cha kubania mbao. Mmoja alisema mwenzake kaivunja mpini, mwenzake akasema aliikuta hivyo hivyo. Mnacheka. Haya, mwenye ugomvi wenye maana kuliko jiriwa anyooshe mkono.

Naona mikono imetulia.

Basi wakagawana ukumbi. Wakasimamisha nguzo katikati. Mwenyekiti akapigilia mbao upande wake, na shemeji naye akapigilia za kwake upande wake, maana hakuna aliyemwamini mwenzake ajenge ukuta peke yake. Mlango mkubwa ukabaki kwa shemeji. Mwenyekiti akatoboa kimlango cha kutokea kichochoroni. Tangu hapo, kila mafundi wa upande wa mwenyekiti waliposikia ngo, ngo, ngo kutoka upande wa pili, mwenyekiti alisema jamaa anaongeza misumari, nasi tuongeze. Nao wakaongeza.

Miaka ikapita hivyo. Aliyeumia zaidi ni mama mmoja, mke wa huyu na dada wa yule. Kila Krismasi alipika mara mbili, akala kidogo kwa mumewe, akala kidogo kwa kaka yake, na hakushiba kokote.

Turudi kwenye meza. Mbao ziliingia moja moja kwenye kile kimlango, bila shida yoyote. Mafundi wakazipiga randa, wakaziunga kwa gundi, wakapiga msasa, wakapaka vanishi. Mkesha wa Krismasi, mchana, kazi ikakamilika, na meza iling'aa mpaka mzee mmoja akajitazama humo akachana nywele zake. Wakapiga makofi, wakainyanyua, wakaelekea mlangoni huku wakiimba. Kichwa cha meza kikatoka. Kikavuka kichochoro. Kikagonga ukuta wa jirani. Na nusu nzima ya meza ilikuwa bado ndani.

Wakailaza ubavu, wakaigeuza, wakaisimamisha. Haikutoka. Niambieni, watu wenye futi kamba mfukoni na penseli sikioni, watu wanaopima kila kitu, walisahauje kupima njia ya kutokea? Lakini tusiwacheke sana. Ni wangapi kati yetu tumepima kitambaa cha nguo ya sikukuu, tukapima mchele, tukapima na mafuta, na hatujapima kama tuna njia ya kumfikia ndugu yetu?

Pale ndani kila mtu akatoa shauri lake. Mmoja alisema waezue bati, lakini mvua ilikuwa inamwagika. Mwingine alisema wakate meza vipande viwili, na hapo fundi aliyeziunga zile mbao akapanda juu ya meza, akalala chali, akawaambia wamkate yeye kwanza. Wimbo ukaisha. Wakafikiria wale wajane waliokwisha kualikwa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kwenda kuwaambia.

Ndipo yule mama akaingia na birika la chai na mihogo ya kuchemsha. Akawatazama, akaitazama meza, akamtazama fundi aliyelala juu yake. Kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Subilaga," akasema, "mlango mkubwa upo. Mmejizibia kwa mbao wenyewe."

Wote wakatazama chini. Mwenyekiti akajibu taratibu, "Mama, nikibomoa wangu nitakutana na wake. Nitasimama pale na nyundo mkononi, nabembeleza mbao za mtu. Unataka watu wanione hivyo?"

"Nataka wakuone," mama akasema. "Kesho nataka kula mara moja tu, nishibe."

Mwenyekiti akachukua nyundo, akaanza kung'oa. Wapendwa, misumari ilikuwa mingi, kwa sababu aliipigilia mwenyewe kwa miaka. Kimoyomoyo alikuwa akipanga maneno ya kumwambia shemeji yake kupitia ukuta wa pili. Ubao wa kwanza ukalegea, ukaanguka.

Mwanga ukaingia.

Hapakuwa na ukuta wa pili. Palikuwa na nguzo tupu, na ng'ambo ya nguzo alikuwa amesimama shemeji na randa mkononi, na nyuma yake ule mlango mkubwa uko wazi, mvua inanyesha barabarani.

Mwenyekiti akapitisha mkono pale palipotakiwa kuwa na mbao. Akauliza, "Shemeji, mbao zako ziko wapi?"

"Nilizing'oa mwaka ule ule tuliogombana," shemeji akasema. "Subilaga alipoolewa nilimpa mpwa wangu kitanda. Wewe ulidhani nilikitengeneza kwa mbao gani?"

"Na hukuniambia."

"Nilibisha hodi, shemeji. Nimebisha mara nyingi. Nikibisha tu, nasikia mnaongeza msumari."

Mwenyekiti akaketi pale pale kwenye vumbi la mbao, akalia, na katikati ya kilio akaanza kucheka. Shemeji akapita katikati ya nguzo akamnyanyua. Mafundi wakauvamia ukuta uliobaki, kila mtu na nyundo yake, na wanasema hakuna kazi chama kile kiliwahi kuifanya kwa furaha kama ile ya kubomoa. Meza ikatoka kwenye mlango mkubwa, kichwa hadi mguu, shemeji kashika mbele na mwenyekiti kashika nyuma, watoto wanaipigia ngoma njia nzima, na mvua ikinyesha hakuna aliyejali. Kesho yake watu walikula. Mama yule alikula mara moja, akaongeza na sahani ya pili.

Ndugu zangu, sisi tunapenda kusema ukuta ni wa watu wawili. Na yeye je? Na yeye mbona hanipigii simu? Sisemi kila ukuta uko kama ule. Wengine mtang'oa wa kwenu na kukuta mbao za mwenzenu bado zimesimama. Lakini utajuaje, wewe unayekaa upande wako miaka yote ukiongeza misumari? Labda kinachokutenganisha na ndugu yako leo ni mbao zako mwenyewe.

Na Krismasi ni nini, kama si habari kwamba Mungu alishang'oa mbao za upande wake? Hakutungoja tutubu vizuri. Alizing'oa zote, akaja mtoto mchanga, analia kama wanavyolia watoto wenu. Tangu siku ile anabisha. Nasi kila akibisha, kwa huzuni, kwa furaha, kwa mgonjwa mlangoni, tunasema: huyo, anatupigilia misumari.

Basi kuku asubiri. Leo, kabla hujaonja kitu, nenda kang'oe ubao mmoja. Mmoja tu, mwanga uingie. Humu humu ndani kuna waliochagua benchi la nyuma ili wasikae na ndugu yao wa benchi la mbele, na ninawaona, nimewaona mwaka mzima.

Kwaya, msianze bado. Kuna mtu amesimama kule nyuma, anakuja huku mbele. Mpisheni apite.