Dirisha la Hazina Hufungwa Alasiri

Kulikuwa na mfua shaba mmoja, ndugu zangu, katika usultani mmoja wa Bara Hindi, zamani hizo. Sultani wake alipungukiwa na madini ya fedha, akaamuru sarafu ya shaba ipokelewe kwa thamani ileile ya fedha. Wakuu wake walifikiria kila kitu, isipokuwa kwamba shaba kila mtu anayo jikoni.

Mfua shaba naye akayeyusha sufuria ya mkewe, akachonga muhuri wake. Lakini jina la Sultani alilichonga kama lisomekavyo. Akasahau kwamba muhuri ukigongwa hugeuza. Sarafu zikatoka na jina kinyumenyume, kama andiko kwenye kioo. Sokoni hakuna aliyeshtuka. Wauza dengu hutazama shaba, hawaisomi.

Sarafu za jikoni zikajaa sokoni, biashara ikaharibika, Sultani akasalimu amri: shaba yote irudishwe hazina, watu wapewe fedha halisi, siku moja tu, mwisho alasiri.

Mfua shaba akapanga foleni na gunia lake, shingo ikimwasha. Adhabu ya mghushi ilikuwa upanga. Nyuma yake alisimama jirani yake, muuza vitambaa, akachungulia gunia.

"Jirani, umezichanganya zote, halali na za kughushi? Una wazimu! Mimi narudi nyumbani kuzichambua zangu, nilete safi tupu."

"Nami ningerudi, sheikh wangu, ila magoti yamegoma."

Zamu yake ikafika. Karani akaokota sarafu, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Jina hili linasomeka kinyume."

"Bwana mkubwa, hiyo nime..."

"Sikukuuliza." Karani akaelekeza kalamu kwenye mlima wa shaba uani. "Amri inasema shaba yenye jina la Sultani. Haikusema lielekee wapi. Ukianza kuungama nitalazimika kuandika waraka, na waraka wa kuungama haujabuniwa. Anayefuata!"

Mfua shaba akatoka na fedha yake, akaketi barazani, akacheka mpaka machozi. Shingo aliishika mara mbili kuhakikisha. Kisha akamnunulia mkewe sufuria mpya, na alipofika nyumbani akauvunjavunja ule muhuri.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, dirisha likafungwa. Ndipo muuza vitambaa akaja mbio, jasho likimtoka, na sarafu halali tupu, zimeng'arishwa kwa ndimu.

Haya, nani alirudi nyumbani na fedha?

Na sisi je? "Nitatubu nikishajitengeneza kidogo." Nani alituambia tuchambue kwanza? Mola wetu ameita gunia zima, na anajua fika muhuri wetu umechongwa jikoni. Tupeleke hivyohivyo, tukirudi tuuvunje. Alhamdulillahi, kwetu sisi tulioketi hapa, alasiri bado.