Mizabibu Saba ya Mahari ya Lubaba

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika kijiji kimoja cha milimani huko Yemeni aliishi mwanamke mchamungu aitwaye Lubaba. Mahari yake yalikuwa mizabibu saba, aliyopandiwa na mumewe, Sheikh Dhakwani, nyuma ya nyumba. Wengine hutoa dhahabu. Yeye alikuwa na jembe tu, na Lubaba akaridhika.

Uzeeni Dhakwani alipooza miguu, asiweze tena kutoka chumbani. Kila asubuhi akiuliza, "Mke wangu, mizabibu yako haijambo?"

"Haijambo, alhamdulillahi," hujibu Lubaba.

Kumbe sita ilikwisha kukauka, umebaki mmoja. Lubaba alichelea kwamba mzee akijua, atavunjika moyo. Basi msimu wa mavuno hununua zabibu sokoni, akamlisha kana kwamba ni zao. Akafanya hivyo misimu mitatu. Mapenzi nayo yana mambo yake, humfanya mtu wa swala tano auone uongo kuwa ni sadaka.

Siku moja alisimama kusali Adhuhuri, ulimi ukamwia mzito. Alipotoa salamu tu, akaenda kuketi kitandani kwa mumewe.

"Bwana wangu, nimekudanganya. Mizabibu sita imekufa. Nataka kuing'oa, na nilikuwa nikiogopa utasikia jembe."

Mzee akatabasamu. "Lubaba, mizabibu yangu huzaa zabibu nyeusi. Mwaka wa tatu huu unaniletea nyeupe."

"Nawe ukala?"

"Nikala, nikimwomba Mola akupe wepesi wa kuniambia. Nami nimekosea kunyamaza. Ungeniambia mapema, ningekufundisha la kufanya."

Majirani wakambeba na kitanda chake hadi uani. Lubaba aking'oa, mzee akielekeza: "Chukua tawi refu la huo ulio hai. Usilikate, lipinde tu. Lifukie sehemu ya katikati kwenye shimo la mzabibu uliokufa kando yake, ncha iache juani. Usilitenge na mama yake mpaka lipate mizizi yake lenyewe. Ni misimu miwili, mke wangu. Subiri." Kisha akainama, akaushindilia udongo kwa kiganja chake.

Msimu wa pili haukumkuta mzee hai. Ulipofika, Lubaba alishika kisu, akakiweka chini kwanza, kwani udongo ule ndio alioushindilia mumewe mwisho. Akafukua kwa vidole, akaona mizizi minene, myeupe. Akasema Bismillahi, akalikata, akalia sana.

Mwaka uliofuata likazaa kishada kimoja kidogo, cheusi. Akawagawia wale waliobeba kitanda, punje moja moja, na ya mwisho akaila yeye.

Ndugu zangu, uongo wa huruma nao ni uongo. Uliwanyima wawili hawa misimu mitatu ya kukaa pamoja uani. Mwenye mgonjwa nyumbani na amwambie kweli, kwa upole, na amwambie leo.